Kabla ya Kumpelekea Fundi Kicheza CD Chako

Pasua, Moshi
15 Juni 2014

Mpendwa rafiki yangu Mama Upendo,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Sisi sote hatujambo, na mama bado anakuulizia kila tunapokaa jikoni. Barua yako niliipata Jumatano, na nimeona niijibu bila kuchelewa kwa sababu umesema kwamba mwisho wa mwezi utampelekea fundi kile kicheza CD chako kidogo, kilichoanza kwa kurukaruka na ambacho sasa kinaandika tu kwamba hakuna diski. Nakuomba sana usikipeleke kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho. Ugonjwa unaoueleza ndio uliokipata changu, na kilichokiua hasa ni matibabu.

Utakumbuka kwamba nilikinunua mtumba Kiborloni ili mama aweze kusikiliza nyimbo zake za kwaya usiku bila kuwaamsha watoto. Kilifanya kazi vizuri mwaka mzima. Ilipofika Januari, vumbi la kiangazi likiwa limeingia hadi kwenye makabati ya vyombo, kikaanza kuzikataa CD za kuchoma, yaani zile zinazonakiliwa nyimbo kwa kompyuta, kisha hata zile halisi za dukani. Nilikipeleka kwa fundi mmoja wa redio mjini. Alikifungua mbele yangu, akachukua bisibisi nyembamba, akazungusha skrubu ndogo mno iliyo ubavuni mwa lenzi, na mara wimbo ukaanza, safi kabisa. Nililipa nikashukuru. Baada ya miezi minne hivi kikanyamaza, na fundi wa pili aliponiambia kwamba leza, ile taa ndogo inayosoma diski, imekufa, nilidhani ni uzee.

Ni baadaye nilipoelezwa na mwalimu mmoja wa masuala ya umeme ndipo nilipofahamu kilichotendeka. Skrubu ile hupunguza au kuongeza umeme unaokwenda kwenye leza. Lenzi yangu ilikuwa imefunikwa na vumbi na moshi wa jikoni, mwanga ukawa unapita kwa shida, na badala ya lenzi kufutwa, leza iliongezewa umeme ili mwanga wake upenye uchafu. Ni sawa na kupandisha utambi wa kandili wakati chemni imejaa masizi: nyumba itang'aa kwa muda, lakini mafuta na utambi vitakwisha upesi. Leza ndogo kama ile huchakaa haraka sana ikilazimishwa kuwaka kupita kipimo chake. Hadi leo naumia nikikumbuka kwamba pamba kidogo tu ingetosha.

Usidhani nawalaumu mafundi wetu. Wengi wamekulia kwenye redio kaseti, ambako tatizo huwa ni mkanda wa mpira uliolegea au hedi iliyochafuka, kile kichwa kinachosoma kaseti, vitu ambavyo mtu huviona na kuvigusa. Ndani ya kicheza CD kidogo kama chako hakuna mkanda wa namna hiyo. Kuna lenzi ndogo iliyoning'inia kwenye nyaya nyembamba, inayopanda na kushuka kufuata diski inayozunguka kiasi cha mara 500 kwa dakika karibu na kitovu na kama mara 200 ikifika ukingoni, huku ikisoma njia ambazo umbali kati ya moja na nyingine ni maikromita 1.6 tu, yaani chini ya sehemu mbili za elfu za milimita. Kwa kazi ya udogo huo, ukungu wa kidole ni kizuizi kikubwa.

Kwa hiyo anza wewe mwenyewe, mchana, mahali pasipo upepo. Tafuta kwanza CD halisi iliyotoka kiwandani, isiyo na mikwaruzo, ujaribu nayo, kwa sababu CD za kuchoma, na hasa zile zinazoweza kufutwa na kuchomwa tena, hurudisha mwanga hafifu zaidi, na mashine nyingi za zamani hushindwa kuzisoma hata zikiwa nzima. Weka pia betri mpya za kawaida. Mbili za kuchaji hutoa volti 2.4 badala ya 3, na zipo mashine ambazo upungufu huo huzifanya zizime kabla ya wakati. Kama una adapta ya ukutani, iache kabisa mpaka uhakikishe kwamba volti zake pamoja na alama za chanya na hasi zinalingana na zile zilizoandikwa kwenye mashine, kwa kuwa adapta iliyogeuzwa inaweza kuunguza bodi mara moja.

Bado ikikataa, toa betri, kisha futa lenzi kwa kijiti cha pamba kilicholowanishwa kidogo tu na spiriti safi isiyo na rangi wala mafuta. Usibonyeze, zile nyaya zinazoishikilia zikipinda, hakuna wa kuzinyoosha. Acha ikauke kabisa. Angalia pia kwenye ukingo wa kifuniko, kuna swichi ndogo iliyojificha ambayo huijulisha mashine kwamba kifuniko kimefungwa. Ikiwa imejaa uchafu au imepinda, mashine hudhani iko wazi na haitazungusha diski kamwe. Lakini usiibonyeze kwa kijiti huku umeinama kuiangalia lenzi, maana mwanga wa leza hii karibu hauonekani, na unaweza kuumiza jicho.

Jambo moja ambalo ningependa ningelijua mapema ni hili la kitufe cha kuzuia kuruka. Sony ilipotoa kicheza chake cha kwanza cha kubebeka, D-50, mwaka 1984, hakikuwa na kinga hiyo. Zilizofuata baadaye zikawekewa kumbukumbu inayosoma mbele kwa sekunde 10, nyingine 40 au zaidi, ili lenzi ikiteleza sauti isikatike. Ni msaada mkubwa ndani ya basi la Arusha. Hata hivyo, kumbukumbu hiyo huficha ugonjwa: lenzi huweza kuteleza na kurudia kusoma mara nyingi bila wewe kusikia lolote. Nyumbani, mashine ikiwa mezani, kizime kitufe hicho kama inaruhusu, usikilize. Ikiruka ikiwa imetulia mezani na CD haina mikwaruzo, huenda lenzi inahitaji kufutwa.

Kuhusu lile sikio la kushoto lisilosikika mpaka ushikilie waya, hilo mpe fundi kwa moyo mweupe. Mara nyingi ni risasi ya kuunganishia nyaya iliyopasuka kwenye soketi ya hedifoni, na kuichoma upya ni kazi wanayoiweza vizuri. Kaa hapo hapo, umwombe asiiguse skrubu ya lenzi hata kidogo.

Ukishafanya yote haya na diski isizunguke, niandikie namba iliyo kwenye kibandiko cha chini. Kile changu kilichokufa nimekitunza. Mota, gia na swichi ya kifuniko ni nzima, na kama vinaoana na chako nitavifunga vizuri nivitume kwa basi. Leza tu ndiyo siwezi kukupa.

Nisalimie Baba Upendo na watoto, na mpe bibi shikamoo yangu.

Rafiki yako,
Mama Baraka