Mashine za kugawa dawa zianzie wodini, usiku

Mhariri, salamu na pole kwa kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, mimi ni msomaji wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na nimeshika simu kuandika hii kwa sababu siku hizi kila ukisikiliza habari za afya utasikia dijitali, mara mashine za kugawa dawa zenyewe, na kila wanapoziongelea nasikia foleni ya dirishani tu. Foleni inatesa watu kweli, sikatai hata kidogo. Lakini nimekuwa nesi miaka 31, nimestaafu juzi juzi tu, na miaka mingi nimekaa wodini, kwa hiyo hofu yangu iko kwingine kabisa. Iko saa tisa usiku, famasi imefungwa, nesi mmoja ana wagonjwa arobaini na funguo ya kabati la dawa iko mfukoni kwake.

Ngoja niwaeleze kilichonifanya nisilale. Hospitali siitaji. Tulikuwa na kabati la mbao, rafu tatu, na kwenye rafu moja yamekaa maboksi mawili, moja ampuli (vile vichupa vidogo vya dawa ya sindano) za maji ya sindano, lingine ampuli za potasiamu kloraidi. Zote za plastiki, zote mililita 10, zote zina maji meupe yanayoonekana vilevile, maandishi yenyewe madogo mpaka uyasogeze kwenye taa. Usiku huo kuna mtoto wa miaka sita anatakiwa achomwe dawa ya unga, sasa ile unayeyusha kwanza kwa maji, mwenzangu akapeleka mkono kwenye boksi alilolizoea, kumbe mchana mtu alipanga upya akabadilisha nafasi. Alishavuta kwenye bomba. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa amesimama pembeni akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mbona hii imeandikwa potasiamu?" Basi. Hicho ndo kilichomwokoa yule mtoto, maana potasiamu ukiisukuma kwenye mshipa bila kuichanganya kwenye dripu moyo unasimama hapo hapo. Mwenzangu hakuwa mzembe jamani, alikuwa amechoka, zamu ya pili mfululizo kwa sababu mwingine alikuwa anaumwa.

Na sio potasiamu tu. Zipo dawa majina yake yanafanana mpaka ukizisoma haraka unapotea, kabamazepini ya kifafa na kabimazoli ya tezi, kloropromazini ya wagonjwa wa akili na kloropropamidi ya kisukari. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu wagonjwa waliochomwa uti wa mgongo dawa ya kuzuia damu kutoka, ile traneksamiki asidi, badala ya dawa ya ganzi, kwa sababu ampuli zinafanana na zote mbili ziko pale pale kwenye chumba cha upasuaji, hata wakati mama anafanyiwa upasuaji wa uzazi. Nikisoma habari kama hiyo nawaona kabisa wale watu kwenye kile chumba, haraka ile, taa ile.

Sasa kabati la dawa la kompyuta, ambalo ndo mashine ya kugawa dawa ninayoitaka wodini, linafanyaje kazi, nieleze kwa waliokuwa hawajaliona. Ni kabati la droo, limefungwa. Nesi anaweka alama ya kidole, anachagua jina la mgonjwa, kwenye skrini zinatokea dawa za mgonjwa huyo tu, tena zile ambazo daktari ameandika na mfamasia ameshazipitia. Ukigusa dawa unayotaka linafunguka kasha lile moja, taa inawaka, mengine yote yanabaki yamefungwa. Linaandika nani amechukua, saa ngapi, vimebaki vingapi, na zikikaribia kuisha au ku-expire famasi wanaona kabla nyie wodini hamjajua. Asubuhi kwenye kukabidhiana zamu hamkai nusu saa kuhesabu mofini na pethidini, zile dawa kali za maumivu, kwenye daftari la DDA, lile la dawa zinazodhibitiwa, huku wagonjwa wanawasubiri. Ile nusu saa ni kitu kikubwa sana, manesi wenzangu wananielewa.

Ila Mhariri naomba watu wasije wakadhani ukishanunua kabati umemaliza. Desemba 2017 kule Nashville, Marekani, hospitali kubwa kabisa yenye makabati haya, nesi alitaka dawa ya kumtuliza mama wa miaka 75 aliyekuwa anaenda kupigwa picha. Akaandika herufi mbili, VE, akitafuta kwa jina la kibiashara, mashine yenyewe ilikuwa inatafuta kwa jina la asili la dawa kwa hiyo haikuleta. Akabonyeza kile kitufe cha dharura cha kuruka ukaguzi, akaandika VE tena, ikaja vekuronium, dawa ya kulemaza misuli yote mpaka ya kupumulia. Mama akafariki. Kule alikomchomea hakukuwa na skana ya kulinganisha dawa na mgonjwa. Machi 2022 nesi yule akatiwa hatiani mahakamani, Mei akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekiri kosa tangu mwanzo. Baadaye wataalamu wa usalama wa dawa wa kule wakashauri mashine zisikubali kutafuta mpaka uandike angalau herufi 5. Kitu kidogo tu hicho.

Mimi kesi ile iliniuma pande zote mbili, kwa familia na kwa nesi. Na ndo maana nasema haya makabati yakija kwetu rekodi zake zisiwe mtego wa kuwinda manesi. Mtu akijua akikosea anapelekwa polisi hatasema, atanyamaza, na kosa lile lile litarudi kesho kwa mwingine. Kitufe cha dharura kiwepo, lazima kiwepo, mtu akiwa anakata roho huwezi kusubiri mfamasia apitie, lakini kiwe kwa dawa chache za dharura zilizokubaliwa na kila asubuhi mfamasia apitie nani alikitumia na kwa nini, kwa nia ya kujifunza.

Halafu kuna jambo naona halisemwi. Kwetu bado zipo dawa zinakuja kwenye kopo la vidonge 1,000, unahesabu kwa kijiko unatia kwenye kibahasha unaandika 2x3 kwa kalamu. Kabati la kompyuta linataka dozi moja moja, imefungwa, ina bakodi yake, ile mistari inayosomwa na mashine. Kidonge cha kwenye kopo hakina bakodi. Kwa hiyo kama Bohari ya Dawa na wanaonunua hawataanza kudai dawa zije kwenye pakiti ndogo zenye bakodi, au hospitali ziwe na mashine ya kufungasha upya, hilo kabati litageuka rafu ya bei ghali.

Afrika Kusini wamefanya vizuri kwenye upande wa foleni, nawapongeza. Mwaka 2018 pale Alexandra, Johannesburg, walizindua mashine, mgonjwa anaweka kadi na namba yake ya siri, anaongea na mfamasia kwenye skrini, dawa zinashuka, wengi ni watu wa dawa za kila mwezi, ARV, presha, sukari. Sisi tukiweza hiyo tuifanye pia. Ila hela ikiwa ya kitu kimoja tu, kwa maoni yangu ianze ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), chumba cha upasuaji, wodi ya wazazi na wodi ya watoto.

Wafamasia msiogope, hamna mtu anawafukuza. Mashine ikihesabu vidonge nyie mnapata muda wa kuja wodini kupitia faili na daktari, mwulize yule bibi kwa nini anakunywa dawa mbili za presha zinazofanya kazi moja. Hilo mashine haiwezi kumwuliza vizuri kama nyie.

Umeme najua mtauliza. Makabati haya yanawekewa betri, na ikizima kabisa yanafunguliwa kwa funguo, ila funguo hiyo akae nayo nani usiku iandikwe kabla ya siku ya kwanza. Na mkataba wa matengenezo uingie kwenye tenda ile ile, fundi awe nchini, tumeona mashine nyingi sana zikifunikwa shuka kwa kukosa kifaa kimoja.

Wakati tunasubiri bajeti, waganga wafawidhi na wakuu wa wauguzi mnaosoma hapa, nawaomba kitu kimoja kisichohitaji hela. Leo mchana ingieni wodini, tafuteni ampuli za potasiamu, zitoeni kwenye rafu za kawaida zirudi famasi. Wodi inayozihitaji kweli, kama ICU, ziwekwe kwenye kisanduku chake, kimefungwa, kimeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu, na asizitoe mtu mmoja peke yake, wawe wawili.

Nesi mstaafu,
Mwanza