Ile r si pambo

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja alidai kwamba Kiswahili ni cha kambini na sokoni tu, hesabu za chuo kikuu hakiziwezi, na kwamba Baraza la Mawaziri la Uganda lilikurupuka mwaka 2022 kukifanya lugha rasmi. Nimefundisha hesabu hapa Tororo miaka mingi. Jibu langu ni rundo la mchanga lililo mbele ya nyumba yangu.

Mpwa wangu alikuja likizo na maswali ya integrali ya ngazi tatu, yaani kupata ujazo kwa kujumlisha vijipande vidogo sana. Nikamwambia aache daftari, tukapime mchanga. Kwa kamba na mwanzi tukapata umbo la pia (koni) lenye nusu kipenyo cha mita 3 na kimo cha mita 1.5. Akaanza kwa viwianishi x, y na z, yaani namba za kuonyesha mahali pa kila punje. Ukurasa ukajaa vipeuo, chai ikapoa, mke wangu akauliza kama tunajenga nyumba au tunaibomoa.

"Mjomba, nibadili viwianishi?"

Badili, baba. Kitu cha mviringo ukikipima kama sanduku utateseka bure. Akachukua viwianishi vya mcheduara, umbo kama la kopo: r ni umbali kutoka katikati, θ ni pembe ya kuzunguka, z ni kimo. Mipaka ikalainika: r kutoka 0 hadi 3, θ kutoka 0 hadi 2π, z kutoka 0 hadi 1.5 − r/2. Mistari mitatu, jibu 4.5π, yaani kama mita za ujazo 14.1. Kanuni ya pia tuliyokariri sekondari nayo inatoa 4.5π. Nusura nimpigie makofi.

Kisha nikasoma kazi yenyewe. Kijana kaandika dr dθ dz, yaani vijisehemu vidogo sana vya r, θ na z. Ile r inayotakiwa kuzidisha hakuiweka kabisa! Jibu limetokea sahihi kwa sababu nusu kipenyo ni 3, basi. Bila r unapata π mara kimo mara nusu kipenyo. Ukiiweka, hiyohiyo inazidishwa tena kwa nusu kipenyo na kugawanywa kwa 3. Tukaenda kwenye rundo la jirani, nusu kipenyo mita 2, kimo mita 1: njia yake ikatoa 6.28, wakati ujazo halisi ni 4.19. Muuza mchanga angemkumbatia.

"Sasa hiyo r inatoka wapi?" akauliza. Walimwambia aikariri, hakuna aliyemwonyesha. Nikachukua chapati, nikaikata vipande vinane. Pembe ni ileile, lakini karibu na ncha kipande ni chembamba, ukingoni ni kipana. dθ ni pembe, haina mita ndani yake; izidishe kwa r ndipo inakuwa urefu. Kwa hiyo kijipande cha mchanga kina upande dr, upande r dθ na kimo dz. Angetazama vipimo tu angejishtukia: bila r ni mita mara mita tu, nalo ni eneo, na mchanga hauuzwi kwa eneo. Kwenye tufe pande mbili hupanuka namna hiyo, ndiyo maana kule kizidishio ni ρ² sin φ (ρ ni umbali kutoka katikati ya tufe, φ ni pembe ya kushuka kutoka juu). Kizidishio cha namna hii huitwa Jakobiani, kwa jina la Mjerumani Carl Jacobi aliyeandika juu yake mwaka 1841. Sisi tulimalizana nacho kwa chapati, kwa Kiswahili, tukaila.

Lori la pili linakuja Jumamosi. Nimemwomba dereva amwage popote apendapo, mradi nusu kipenyo cha rundo kisiwe mita 3.

Mwalimu wa hesabu,
Tororo