Mwanangu, usinizuie kusimama

Kamalondo, Lubumbashi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, kwamba umeomba likizo kazini huko Kolwezi ili uje kunihudumia baada ya operesheni ya goti. Asante sana, mama. Mungu akuzidishie. Ila uliposema, "Papa, wewe utalala tu, kila kitu nitafanya mimi," nikaona heri nikuandikie mapema, maana hilo ndilo jambo ambalo sitaki unifanyie.

Kwetu mgonjwa hulazwa. Anafunikwa, analetewa bukari kitandani, na akijaribu kusimama anashikwa mabega: "Pole pole Papa, pumzika kwanza." Kwa mwenye malaria ni sawa. Kwa mwenye goti jipya ni kumdhuru. Daktari ataondoa gegedu lililolika pamoja na mfupa kidogo, ataweka chuma juu, chuma chini na plastiki ngumu katikati, kisha atafunga jeraha. Kulifanya goti hilo likunjike na kunyooka ni kazi yangu, na wiki za kwanza ndizo zenye uzito kuliko zote. Lisipochezeshwa, kovu la ndani hulikakamaza, na wapo wanaorudishwa hospitali kutiwa usingizi ili goti likunjwe kwa nguvu. Misuli ya mbele ya paja nayo hunywea upesi mno baada ya operesheni hii. Lakini goti likitunzwa linadumu: karibu manane kati ya kumi bado yanafanya kazi baada ya miaka 25.

Chuma chenyewe mara nyingi ni mchanganyiko wa kobalti na kromu. Nilivyofurahi kusikia hivyo! Magoti haya niliyachosha Kipushi, chini ya ardhi, kwenye shaba na zinki, na kobalti inatoka huko huko uliko wewe. Nani ajuaye, huenda punje ya ardhi yetu inarudi mwilini mwangu.

Basi sikiliza yatakayokuwa. Siku ileile ya operesheni, au kesho yake asubuhi, watanisimamisha na kitembezi nikanyage chini. Usishtuke, wala usigombane na wauguzi. Kitandani nitakuwa nachezesha nyayo juu na chini kila saa ili damu isigande miguuni. Halafu kuna zoezi ambalo utalichoka kuliona: mguu umenyooka, kisigino nimekiweka juu ya mfuko wa plastiki ili kiteleze, nakivuta polepole kuja kwangu mpaka goti likatae. Hapo nashikilia, nahesabu hadi tano, nakirudisha. Mara kumi, halafu tena mchana, halafu tena jioni. Kwanza tunatafuta digrii 90, yaani goti lijikunje kama la mtu aliyekaa kitini, kisha 110 na zaidi ili niweze kuinuka bila kusukumwa.

Kunyoosha nako ni muhimu vilevile, na watu wengi hukusahau. Kunja taulo uliweke chini ya kifundo cha mguu, mimi nitakandamiza goti kuelekea godoro. Tafadhali usiweke mto chini ya goti, hata nikikuomba usiku wa manane. Ni starehe ya muda, lakini goti huzoea kubaki limepinda na mtu akachechemea maisha yake yote. Shangazi yako atakuambia habari za mto kati ya mapaja, na usivuke miguu, na usiiname. Hayo aliambiwa jirani yake aliyebadilishiwa nyonga, na kwake yalikuwa na maana, kwa sababu nyonga mpya inaweza kuchomoka. Goti lina masharti yake. Msikilize shangazi kwa heshima, kisha ufuate ya kinezi, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Nitaumwa, mwanangu. Nakujua, machozi yako yako karibu. Nikianza kukunja uso usiseme, "Basi Papa, inatosha." Sema, "Bado tatu." Nipe dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi, na tukimaliza niwekee barafu iliyofungwa kitambaani dakika 15 hadi 20, mguu ukiwa umeinuliwa wote. Maumivu yakipoa baada ya muda, ni ya kawaida. Goti likivimba zaidi hadi kesho yake, tumezidisha, tutapunguza. Wakija na maji ya moto na mafuta ya kukanda, wakatalie kwa upole. Kidonda kibichi hakikandwi.

Kuna mambo ambayo hayangoji asubuhi. Shavu la mguu likivimba na kuuma, kifua kikibana au pumzi ikikatika, tafuta gari saa hiyo hiyo. Kidonda kikitoa usaha au majimaji yasiyokoma, au nikipata homa kali, turudi kwa daktari aliyenipasua. Usininunulie antibiotiki dukani. Joto na uvimbe kidogo vitakaa miezi, hivyo visikusumbue.

Nyumbani, choo ndicho kinachonipa mawazo. Choo chetu cha kuchuchumaa sitakiweza. Mwambie kaka yako amwite seremala atengeneze kiti imara chenye tundu, kirefu kufika usawa wa goti, chenye pa kushika pande zote. Vigoda viondolewe barazani, mkeka pia, na ule waya wa umeme unaopita mlangoni. Kwenye ngazi za baraza mguu mzima utatangulia kupanda, mguu mgonjwa utatangulia kushuka. Fimbo nitaishika mkono wa kulia kwa kuwa goti ni la kushoto. Watu watataka kuihamisha, waache waseme.

Wageni watakuja kwa wingi, unajua mtaa wetu. Nikikaa nao mchana kutwa goti litakuwa ubao. Atakayekuja kunisalimia tutatembea naye lupango mzima, yaani ua wetu wote, kisha mpaka kona, na miezi ikisogea mpaka uwanja wa mpira wa Mazembe. Nguvu huendelea kurudi hadi mwaka mzima, kwa hiyo ukirudi Kolwezi usidhani tumemaliza. Utanipigia uniulize nimetembea wapi.

Mazoezi nimekwisha yaanza, kwa sababu paja lililoingia operesheni likiwa na nguvu hupona vizuri zaidi. Kinezi amesema mtu wa nyumbani aje kufundishwa kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo sogeza likizo mbele, ufike kabla sijalazwa, na uje na viatu vya kutembelea, vyako na vyangu. Vyangu viwe vipana, visivyohitaji kufunga kamba, kwa maana mguu utakuwa umevimba.

Ni mimi,
Baba yako