Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: miti tunapanda, nani hurudi kuiangalia?

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Kayole.

Mimi naishi hapa Nairobi lakini ushago ni Machakos, na nakuandikia juu ya kitu nilishika na mikono yangu. Mwaka jana mwezi wa tano, mvua ikiwa inaisha, kuna mradi ulileta miche lori nzima kwa kilima chetu, watu wakaja na fulana mpya, wakapanda, wakapiga picha, kufika saa nane wameshaenda. Mwezi wa nane nikienda nyumbani nikang'oa mche mmoja umekauka, nikapata ile karatasi nyeusi ya plastiki ya kitalu bado iko chini, hakuna mtu aliitoa, mizizi imejikunja humo ndani. Nikang'oa wa pili, karatasi. Wa tatu, karatasi. Niliumia sana, Mheshimiwa.

Na hapo karibu tu kuna mwethya ya mama yangu, yaani kikundi cha majirani cha kusaidiana kazi. Kila Jumanne wanaenda kwa shamba la mmoja wao, wanapima na kamba, vijiti viwili na pima maji ya fundi ndio mtaro ulale sawa, halafu wanachimba wakitupa udongo upande wa juu, ndio maana inaitwa fanya juu, na kwa tuta wanapanda nyasi ya nepia ya kulisha ng'ombe. Mvua ikinyesha udongo unashikiwa hapo hapo, misimu michache shamba limekuwa ngazi. Miti yao wameotesha wenyewe kando ya mto na mingi imeshika, sababu kila mmoja anajua wake, hata maji ya kuosha vyombo yanaenda kwa mti.

Hii kazi si ya jana. Miaka ya 1930 maafisa wa mkoloni waliona ardhi ya Machakos kama imekwisha, udongo umesombwa, wakalazimisha watu wachimbe matuta na watu wakachukia. Baadaye wenyeji wakayachimba kwa hiari yao, kwa mwethya, na kufikia 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu 1932 na vilima vikawa na matuta na miti kuliko zamani.

Sasa serikali imesema miti bilioni 15 ifikapo 2032, na mimi naunga mkono kabisa. Lakini tafadhali nunueni miche kwa vitalu vya hivi vikundi, na msilipe pesa yote siku ya kupanda, lipeni nusu, nusu ingine ibaki mpaka misimu miwili ya mvua ipite na mtu aende ahesabu ile imeshika. Matuta pia yahesabiwe, sababu kwa mteremko kama wetu mche bila tuta unasombwa. Kina mama wanaomba tu sururu na majembe. Mpini wa mama yangu umefungwa na mpira wa tyubu.

Hata sisi wa Nairobi hii inatuhusu, maji yetu mengi yanatoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na shamba la mlimani likikosa matuta tope linashuka mtoni.

Mvua ya Oktoba ikikaribia, njoo Jumanne moja, saa mbili asubuhi. Jembe nitakuazima.