Maumivu yakiisha msidhani jino limepona

Ndugu Mhariri,

Kila mkiandika habari za meno ya kupandikiza, yale ya skrubu inayofungwa kwenye mfupa wa taya na jino la bandia juu yake, naona inaishia palepale, picha ya kabla na picha ya baada, mtu anacheka meno thelathini na mbili, basi. Hapo katikati kuna miezi kadhaa na hakuna anaeiongelea, na mimi naiongelea leo kwasababu mzee wangu kawekewa jino la namna hiyo na mimi ndie niliemuuguza.

Siku ya kwanza kwa kweli sio ngumu. Unang'ata pamba nusu saa au zaidi kidogo, barafu nje ya shavu unaweka dakika kumi na tano unatoa, kichwa kwenye mito miwili, na mate yakiwa na wekundu usiogope. Ila asiteme kwa nguvu wala kunywa kwa mrija, maana ule mvuto unaweza kung'oa donge la damu na hilo donge ndo linalofunika kidonda. Siku ya pili na ya tatu ndo shavu linavimba kuliko hata siku ya operesheni, mzee jicho lilibaki dogo kabisa akaanza kusema kazi imeharibika, na hakuna mtu alietuambia kabla kwamba uvimbe unafika kileleni siku hizo halafu unaanza kushuka. Tulikesha bure kwa hofu. Wa kuogopwa ni ule ulioshuka halafu ukapanda tena, na homa au usaha juu yake.

Sasa hapa ndo panaponiuma. Wiki ya tatu hivi mzee yuko fresh, haumwi, nyuzi zimetoka, anataka nyama ya mfupa. "Mbona siumwi mwanangu?" Na ndo wakati mbaya kuliko wote! Skrubu siku ya kwanza inashikwa na kubanwa tu, kama msumari kwenye mbao, halafu mwili unakula kwanza ule mfupa wa zamani uliobanwa pembeni ndo uweke mpya, kwahiyo kwenye wiki ya tatu na ya nne mshiko unakuwa umepungua kuliko ulivyoanza, na mgonjwa hasikii chochote. Mfupa mpya kuishika vizuri ni miezi mitatu hadi sita, taya la chini mara nyingi linawahi kwasababu mfupa wake ni mgumu zaidi. Yule Msweden Brånemark, alieona mwaka 1952 kwamba mfupa unashikana na titaniamu, yaani madini ya hizo skrubu, alipoanza kutibu watu mwaka 1965 alikuwa anaifukia skrubu chini ya fizi na kuiacha miezi ipone bila kuguswa. Siku hizi wapo wanaowekewa jino juu ya skrubu mapema, sawa, lakini hiyo anaamua daktari baada ya kuona mfupa wako ulivyo, sio wewe kwasababu umechoka uji.

Sigara ndo kabisa, inabana mishipa ya damu na kidonda kinakosa chakula. Mwenye kisukari sukari ikae sawa kabla na baada. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi anza baada ya masaa 24, inamisha kichwa huku na huku uyaache yadondoke yenyewe, na meno mengine piga mswaki kama kawaida, watu wanaogopa wanaacha mdomo mzima mchafu wiki nzima jamani.

Na kuna hili, ganzi inaisha baada ya masaa machache, kesho yake mdomo wa chini au kidevu bado umekufa ganzi mpigie daktari hapohapo usisubiri apointimenti, inawezekana skrubu imekandamiza neva, ule mshipa wa fahamu, na kuichelewesha ndo kuiharibu.

Haya yote nimeyapata kwa kuuliza na kuulizia tena. Kule tulikotibiwa tulipewa karatasi ya dawa tu, na tarehe ya kurudi. Naomba madaktari wa meno mtuandikie ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida, herufi kubwa maana wengi wa wagonjwa hawa ni wazee, yaandikwe ya siku ya tatu, ya wiki ya tatu, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Na wewe Mhariri, mkitoa tena habari ya meno haya muulizeni daktari maswali ya hiyo miezi ya katikati.

Msomaji wenu