Ngoma ya bilauri moja

Shoga yangu,

Umeniandikia mistari miwili tu, na mmoja ni wa kunicheka: eti siku hizi nacheza na maji? Ndiyo, nacheza. Bilauri moja, mara nne au tano kwa siku, na hii ni wiki ya saba. Mimi huyu unayenijua, ambaye sijawahi kumaliza mwezi na jambo lolote la afya.

Zamani nilikuwa nakunywa maji kama mtu anayejaza tangi. Asubuhi nasahau, mchana nasahau, ikifika saa kumi kichwa kinagonga, ndipo nabugia chupa nzima macho yakiwa kwenye kompyuta. Nikimaliza sikumbuki hata kama yalikuwa ya baridi. Jioni moja giza lilishaingia, nikajiona kwenye kioo cha dirisha: mkono unakwapua chupa, shingo imechomoza kama ya kobe, mabega yamepanda masikioni. Mimi niliyefundishwa kuinua mkono kwenye darasa la ngoma miaka yote ile! Niliona aibu, shoga, tena nikiwa peke yangu.

Siku ya kwanza nilizidisha, kama kawaida yangu. Nilizunguka na bilauri iliyojaa hadi ukingoni. Maji yakimwagika hayazoleki, na yakimwagikia kibodi ndiyo kabisa. Tangu hapo sizunguki.

Sasa inakuwa hivi. Bilauri inakaa mezani, nusu imejaa, mbali kidogo na mkono unapofika, ili nilazimike kusimama. Nasimama, natulia kwa pumzi tatu. Ukisimama hivyo bila kufanya kitu utagundua mwili hausimami kweli: unayumba mbele kidogo, nyuma kidogo, vifundo vya miguu vinarekebisha bila kukuuliza. Steve Paxton, yule Mmarekani aliyepandisha jukwaani mwendo wa kawaida wa kutembea miaka ya 1960, aliuita mchezo huo wa mwili ngoma ndogo. Basi mimi naanzia hapo.

Halafu mkono. Hauanzi na vidole. Unaanzia mgongoni, chini ya bega. Kiwiko kinafuata, kiganja kinafuata, na vidole ndivyo vya mwisho kupata habari. Vikigusa bilauri vinakuta ubaridi kabla ya uzito. Hapo nasubiri kidogo, maana napapenda. Kisha napandisha, na maji yenyewe ndiyo yanayonisahihisha. Bilauri hata iiname vipi, uso wa maji hutaka kubaki sawasawa. Ukitikisika, ujue umeharakisha. Yule mwalimu wetu mkali hakuwahi kuniona makosa upesi hivyo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisinzia akitueleza habari za Rudolf Laban, yule mchambuzi wa mwendo wa mwili? Kwamba kila tendo la mwili lina uzito, nafasi, muda na mtiririko? Nilikariri kwa ajili ya mtihani, nikasahau. Leo yote manne yako mkononi mwangu. Kila funda likiondoka bilauri inakuwa nyepesi, kwa hiyo mkono uliopanda mara ya kwanza si ule utakaopanda mara ya tano. Ukiupandisha kwa nguvu ileile utajigonga meno. Nimejigonga.

Funda lenyewe sasa. Unapomeza, njia ya hewa hufungwa na pumzi husimama kwa muda usiozidi sana sekunde moja, na mara nyingi inaporudi huanza kwa kutoka nje, si kwa kuingia. Kumbe mdundo uko kooni siku zote! Meza, toa pumzi, shusha bilauri hadi kifuani. Vuta pumzi, pandisha tena. Muziki niliujaribu nikauacha, maana nilikuwa naufuata wenyewe na kuyasahau maji.

Na kuna hili, ambalo ndilo hasa limenishika. Ubongo hupima ukolezi wa damu. Ukipanda kwa asilimia moja au mbili tu, kiu inabisha hodi. Lakini ukinywa, kiu huanza kutulia kabla maji mengi hayajaingia kwenye damu, kwa sababu kinywa, koo na tumbo hutangulia kupeleka taarifa. Nilipokuwa nabugia, taarifa ile nilikuwa naipita njiani. Siku hizi naisikia. Kwangu huja funda la sita au la saba: maji yaliyokuwa matamu yanageuka kuwa maji tu. Nashusha bilauri, hata kama imebaki robo.

Kwa hiyo usiniulize kama nafikisha bilauri nane. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula mwaka 2010 ilitaja lita 2 kwa siku kwa wanawake na 2.5 kwa wanaume, na humo yamo hata maji yaliyo ndani ya chakula. Ukitoka jasho hesabu inapanda. Mimi nimeacha kuhesabu. Ila usifanye mashindano: figo zina kikomo, kama lita moja kwa saa hivi, na ukipita hapo kwa fujo chumvi ya damu huzimuliwa ukaumwa vibaya.

Si kila siku ngoma inakuja. Juzi nilikuwa na hasira nikakwapua bilauri kama zamani. Funda la tatu mkono ukapunguza mwendo wenyewe, sikuuambia. Kile kichwa cha saa kumi nacho kimepungua. Labda ni maji, labda ni kule kusimama tu.

Nimekuandikia kirefu kwa sababu ya goti lako. Najua uliposema umeacha kucheza ulisema kwa kicheko, na najua kile hakikuwa kicheko. Ngoma hii haitaki goti. Unaweza kuicheza umekaa, mguu uko juu ya mto. Inataka mgongo, mkono na koo, na hivyo unavyo. Jaribu kesho, bilauri nusu, halafu uniambie kwako ni funda la ngapi.

Shogayo wa siku zote

N.B. Kitufe cha herufi ya kumi na tatu bado kinakwama tangu siku ile ya kuzunguka. Ukiona popote nieandika "aji", soma maji.