Bwana mhariri, na manyumba yetu ya zamani je?

Salamu toka Bukavu. Kila mukiandika utalii ni sokwe wa mbuga ya Kahuzi-Biega tu, manyumba ya zamani ya hapa mujini hamuyaonagi. Mimi nilifika Cebu, mji wa bandari kule Ufilipino, pale wanakuonyesha msalaba wa Magellan, yule baharia Mreno, wa 1521, ule wenyewe wanasema umefungiwa ndani ya msalaba mwingine wa mti, sababu watu walikuwa wanaukwangua vipande wakiamini ni dawa (Wakatoliki tuko wamoja kila mahali!). Karibu na hapo kuna basilika ya Santo Niño (Mutoto Yesu), na wamama wauza mishumaa ya rangi rangi, unanunua, mama anaishika mukononi anacheza polepole mbele yako huku anakuombea, anataja na majina ya watu wako. Ngome ya San Pedro ni kadogo, pembe tatu tu, lakini watu wanalipa kuingia! Na Lapu-Lapu, mwenye watu wake walimuua Magellan kisiwani Mactan, ana sanamu kubwa.

Huku kwetu, mutaa wa La Botte, nyumba ya wakati wa Wabeleji inabomolewa, kesho unakuta etaje (nyumba ya gorofa). Mutume mwandishi na aparei ya foto, mimi mwenyewe nitamutembeza.

Musomaji wenu, Bukavu